Shanga za mbegu na vifuu: shughulika na maji kabla hujashika keekee

Kokwa (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, mwaka wa kwanza wa kazi hii nilimuuzia mama mmoja mkufu wa mbegu nyekundu ambao nilikuwa nimeusugua mpaka ukameta, na baada ya miezi minne akanirudishia ukiwa umefungwa kwenye kikaratasi. Mbegu tatu zilikuwa na matundu ya mviringo ambayo sikuyatoboa mimi, ndani ya kikaratasi kulikuwa na unga wa rangi ya maziwa, na katikati ya unga huo alikuwamo mdudu mdogo wa kahawia ambaye alikuwa bado anatembea. Sikuwa na la kujitetea. Nilimrudishia fedha zake, nikaenda kufungua kopo langu la akiba, nikakuta zaidi ya nusu ya mbegu zimebunguliwa.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu maelekezo mengi ninayoyasoma kuhusu mapambo ya mimea huanzia kwenye kutoboa na kuishia kwenye kupanga rangi, ilhali mapambo mengi yanayoharibika huwa yameshaharibika kabla ya tundu la kwanza. Kwa maoni yangu, anayefanya kazi na mbegu, vifuu, vijiti na nyuzi za mimea anafanya kazi na maji. Ukungu hutaka maji. Buu aliye ndani ya mbegu huishi kwa maji machache yaliyomo humo. Kijiti hupasuka kwa sababu maji yametoka upande mmoja upesi kuliko upande mwingine. Ukindu hulegea kwa sababu ulisukwa ukiwa umelowa chepechepe.

Kwa anayeanza ningependekeza kifuu cha nazi kabla ya mbegu yoyote. Kifuu kilichokauka hakina chakula cha kumvutia mdudu, hakivimbi kwa urahisi, na hung'aa bila kupakwa kitu kizito. Kwangua nyuzinyuzi za nje kwa kisu butu, kata vipande kwa msumeno wenye meno madogo, lainisha kingo kwa tupa, kisha panda ngazi za msasa kwa utaratibu: namba 120, 240, 400 na, kwa mwenye subira, 600. Asiye na subira huruka kutoka 120 hadi 400, kisha hushangaa kuona mikwaruzo pambo linapopigwa na jua. Msasa laini haufuti mikwaruzo mikubwa, huing'arisha tu. Mwishoni tia tone moja la mafuta kwenye kitambaa na usugue mpaka kitambaa kingine kikavu kitoke bila alama. Vumbi la kifuu ni jepesi na huingia kifuani, kwa hiyo vaa barakoa hata kama kipande ni kimoja.

Mbegu ni jambo jingine, na hapa naomba nikawie kidogo. Mbegu nyingi ngumu tunazozipenda ni za jamii ya kunde, na ganda lake halipitishi maji. Ndiyo sababu zinaweza kukaa ardhini kwa muda mrefu bila kuota, mpaka ganda likwaruzike au lipasuke. Sasa fikiria unachokifanya unapotoboa: unafungua mlango ambao mmea wenyewe uliufunga. Kuanzia siku hiyo mbegu huvuta unyevu wa hewa na jasho la shingo, huvimba kidogo na kusinyaa kidogo, na kile kilicho laini ndani yake kinakuwa wazi kwa ukungu na kwa wadudu. Niliwahi kuusahau mkufu ndani ya taulo bichi kwa siku kadhaa, na mbegu mbili zikaanza kuchipua. Nilicheka, lakini nililielewa somo.

Utaratibu wangu wa sasa ni huu. Nakusanya mbegu zilizokomaa kutoka kwenye maganda yaliyofunguka yenyewe, wala siokoti zilizolala chini kwa muda mrefu. Nazitandaza kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hukausha ganda kabla ya kiini na kuacha nyufa ndogo ambazo utaziona baada ya kusugua. Kila baada ya siku mbili au tatu napima uzito wa fungu lote kwa mizani ya jikoni na kuandika. Uzito utaendelea kushuka, kisha utatulia. Unapobaki pale pale mara tatu mfululizo, mbegu zimefikia ukavu ambao hewa ya mahali hapo inauruhusu. Mizani hiyo imenisaidia kuliko keekee, kwa sababu jicho na kidole havitambui maji yaliyobaki ndani.

Baada ya hapo nazifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuziweka kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili, ili mayai na mabuu yafe. Ninapoutoa mfuko siufungui siku hiyo hiyo. Nauacha hadi kesho yake, mbegu zilingane na joto la chumba, kwa maana ukiufungua zikiwa baridi, mvuke wa hewa utaganda juu yake kama umande na utakuwa umezirudishia maji uliyoyaondoa kwa wiki kadhaa. Halafu namwaga fungu kwenye beseni la maji kwa dakika chache: zinazoelea zimeliwa ndani, nazitupa; zinazozama nazifuta na kuzianika tena.

Kutoboa hakuhitaji maneno mengi. Tumia jino la keekee la milimita 1 hadi 1.5, mwendo wa polepole, na mbegu ibanwe kwenye jiliwa au kwenye kibao ulichokichimba vishimo, kamwe isishikwe kwa vidole. Anzia kwenye kovu la mbegu, yaani pale ilipokuwa imeshikana na ganda lake, kwa sababu huko jino haliponyoki. Toa jino mara kwa mara ili unga utoke. Ukisikia harufu ya kuungua, mafuta ya mbegu yameshapata moto na ufa hauko mbali. Ukihitaji tundu linalopita moja kwa moja, toboa nusu kutoka upande huu na nusu kutoka upande wa pili, mikutano ya katikati ikipishana kidogo si neno.

Nitaendelea na mambo ya nyuzi na vifungio baadaye. Kwa sasa nakaribisha hoja, hasa za kunipinga.

Fundi Msasa

Ndugu mwanzisha uzi, nakubaliana na mengi, ila jaribio lako la beseni litawafanya watu watupe mbegu nzima. Komwe nyingi huelea zikiwa na afya tele, kwa sababu ndani yake pana nafasi ya hewa, na ndiyo maana husafiri baharini na kuota kwenye fukwe za mbali. Mbegu kubwa za jamii ya Entada, zile bapa za kahawia ambazo hutosha kiganjani, nazo ni hivyo hivyo. Kwa mbegu za aina hii kuelea hakusemi chochote kuhusu mdudu. Mimi huzitikisa moja moja karibu na sikio, kisha nazikagua kwa tochi na kioo cha kukuzia, nikitafuta kitundu au duara jembamba lenye rangi hafifu. Duara hilo ni kifuniko ambacho buu hukiacha kwenye ganda akiwa tayari kutoka.

Swali langu: kwa asiye na friza, je, tanuri haliwezi kufanya kazi ile ile kwa saa moja badala ya wiki mbili?

Kokwa (mwanzisha uzi)

Umenisahihisha, nami nakiri kwamba nilikuwa nikizungumzia mbegu ndogo zilizojaa, kama zile nyekundu za Adenanthera pavonina, ambazo nne kati yake hukaribia gramu moja na ambazo hapo kale zilitumika kupimia uzito wa dhahabu kwa sababu hazipishani sana. Kwa komwe na Entada jaribio la beseni lifutwe kabisa.

Kuhusu tanuri, joto la nyuzi 60 likidumu kwa saa nzima hadi kwenye kiini huua mdudu. Tatizo ni kwamba matanuri mengi ya nyumbani hayatulii kwenye joto dogo kiasi hicho. Hupanda, hukatika, hupanda tena, na mbegu iliyo karibu na chanzo cha joto hupasuka wakati iliyo katikati bado haijapata joto la kutosha. Mwenye kipimajoto cha kuweka ndani ya tanuri na aendelee. Asiye nacho atafute friza, hata ya kuazima. Kuchemsha sikupendi kwa mbegu ninazotaka zibaki na mng'ao wake, isipokuwa mbegu za mlusina, ambazo huchemshwa makusudi ili zilainike na kupitishwa sindano ya kawaida, kisha hukauka na kuwa ngumu zikiwa tayari kwenye uzi. Hiyo ni njia nzuri kwa watoto, kwa sababu haihitaji keekee.

Njuga

Mlusina nimezifanya sana na nathibitisha. Ningeongeza nyasi moja ambayo inaonekana kusahauliwa, Coix lacryma-jobi, jamaa wa karibu wa mahindi, ambayo hutoa shanga zilizokwisha kutobolewa. Kile tunachokiita mbegu kwa nje ni kifuko kigumu kinachofunika punje, chenye umbo la chozi, kikiwa na uwazi juu na chini. Kikishakomaa na kubadilika kuwa cheupe, cha kijivu au cha kahawia, unavuta kikonyo kikavu kilicho katikati kwa sindano nene na njia inakuwa wazi. Hakihitaji vanishi na mng'ao wake huongezeka kwa kuvaliwa. Tahadhari ni moja tu: punje ya ndani ni nafaka kama nafaka nyingine, na fukusi wanaipenda, hivyo utaratibu wa friza unahusika hapa pia.

Gome

Naomba msaada kuhusu mti. Nilikata visahani vya mviringo kutoka kwenye tawi lililokatwa siku hiyo, unene wa kama milimita 5, nikavisugua, vikapendeza sana kwa pete zake za ukuaji, nikatengeneza jozi kumi na mbili za hereni. Ndani ya wiki mbili jozi tisa zilikuwa na ufa unaoanzia ukingoni hadi katikati, kama kipande cha keki kilichotolewa. Nilivipaka vanishi pande zote. Nilikosea wapi?

Fundi Msasa

Hukukosea kwenye vanishi, ulikosea kwenye umbo. Mti unapokauka hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wa shina hausinyai karibu hata kidogo, kutoka katikati kwenda nje husinyaa kiasi, na kuzunguka pete za ukuaji husinyaa kama mara mbili ya hapo. Kisahani cha mviringo kikisinyaa zaidi kwa mzunguko kuliko kwa kipenyo, mzunguko unakuwa mfupi kuliko unavyotakiwa kuwa, na hakuna pa kutolea tofauti hiyo isipokuwa kwa kupasuka. Vanishi huchelewesha tu. Jozi zako tatu zilizosalimika zilikuwa na bahati, au moyo wa tawi haukuwa katikati.

Kuna njia tatu ambazo mimi huzitumia. Ya kwanza ni kutokata visahani kabisa, bali kupasua tawi kwa urefu na kuchonga vipande visivyokuwa na moyo wa mti ndani yake. Ya pili ni kukausha tawi zima kwanza, gome likiwapo na ncha zote mbili zikiwa zimezibwa kwa nta ili maji yatoke polepole kupitia ubavuni. Kwa mbao hukadiriwa mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na tawi jembamba huchukua miezi. Ya tatu ni kutoboa katikati ya kisahani kibichi tundu kubwa linaloondoa moyo, kisha kukiacha kikauke kikiwa pete. Hupasuka kwa nadra zaidi, na ukitaka unaweza kulijaza tundu hilo kwa kipande cha kifuu.

Kwa pete za vidole usichonge duara kutoka kwenye ubao bapa. Sehemu mbili za duara hilo zitakuwa na nyuzi fupi zinazokatiza upana, na hapo ndipo litakapovunjika siku ya kwanza litakapogonga meza. Chukua utepe mwembamba wa mti, uloweke kwenye maji ya moto, uuzungushe kwenye kijiti cha kipimo cha kidole, ukikauka uugandishe kwa gundi tabaka juu ya tabaka. Nyuzi za mti zitakuwa zinafuata mzunguko, na pete itakuwa na nguvu inayoshangaza.

Uzi wa Katani

Mtu akitaja mti mweusi, mpingo ndio hutajwa kwanza, kwa hiyo niseme neno kabla mtu hajajaza sanduku. Jenasi nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, ukiacha spishi moja ya Brazili ambayo ilikuwa tayari kwenye Kiambatisho cha I. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa vitu vilivyokamilika ambavyo mti wake hauzidi kilo 10 kwa shehena moja, jambo linalowaokoa wenye kusafirisha hereni na bangili, lakini vipande ghafi havimo kwenye nafuu hiyo na nchi yoyote inaweza kuwa na masharti makali zaidi. Vumbi lake pia huwasha ngozi na mapua ya watu wengi. Nimeuacha. Kifuu kilichosuguliwa vizuri kinanipa weusi unaonitosha, na hakuna anayeniuliza karatasi.

Majani Makavu

Mimi ninatumia turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, na sijaona mtu akizitaja hapa. Hazibunguliwi mara kwa mara, rangi haipauki, na wateja huzipenda kuliko zote. Nasikia watu wanatisha kwamba zina sumu. Watu wamezivaa vizazi na vizazi, na nijuavyo mimi mtoto akimeza moja hutoka kama ilivyoingia. Je, kuna ushahidi au ni hofu tu?

Kokwa (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu, hili nitalijibu kwa urefu kwa sababu nililiacha kwenye andiko la kwanza kwa makusudi, nikingoja liulizwe.

Ni kweli kwamba turituri nzima, yenye ganda lisilo na ufa, mara nyingi hupita tumboni bila kuyeyuka, kwa sababu ile ile niliyoieleza juu: ganda halipitishi maji. Lakini hakuna turituri nzima kwenye mkufu. Kila ushanga ulioko hapo umetobolewa, na kilichomo ndani ni abrini, protini inayozuia seli kutengeneza protini zake na ambayo ni sumu kwa kiasi kidogo mno. Ule utetezi wa kwamba hutoka kama ilivyoingia unahusu mbegu iliyoko kwenye ganda la mturituri, wala hauhusu ile iliyoko shingoni kwa mtoto anayetafuna kila kinachofika kinywani. Mwaka 2011 huko Uingereza bangili zilizotengenezwa kwa mbegu hizi ziliondolewa sokoni na wanunuzi wakaombwa wazirudishe.

Na kabla ya mvaaji, yupo fundi. Anayetoboa turituri hamsini kwa keekee anatengeneza unga wa abrini kwenye hewa anayoivuta, juu ya meza anayolia chakula na kwenye vidole atakavyofikicha navyo macho. Kazi hii nimeiacha kabisa, na nilizokuwa nazo sikuzitupa jaani bali nilizichoma. Mbegu za mbarika ziko kundi hilo hilo kwa sababu ya sumu yake, risini, tena ganda lake ni dhaifu zaidi. Mbegu nyekundu za jamii ya Erythrina na zile nyekundu-nyeusi kubwa za Ormosia zina sumu za aina nyingine, nazo nisingeziweka kwenye kitu ambacho mtoto atakishika. Ukitaka nyekundu, Adenanthera haina doa jeusi na hatari yake haifikani na ya turituri, ingawa mbegu mbichi hazifai kuliwa.

Kwa vile tumefika hapa, niongeze ganda la korosho. Mtu mmoja aliniletea akidhani ni mali iliyopotezwa, kwa sababu umbo lake ni zuri. Mafuta yaliyomo ndani ya ganda hilo hubabua ngozi mpaka ikatoka malengelenge. Umbo zuri libaki kwenye picha.

Majani Makavu

Nimekuelewa, na nakiri kwamba sikuwa nimelifikiria suala la unga. Ninazo mikufu minne ambayo haijauzwa, haitauzwa.

Njuga

Mwanzisha uzi aliahidi nyuzi, na naona amechelewa, basi nianze mimi. Pamba tupu huoza kwa jasho na hukatika pale pale kwenye ukingo wa tundu. Uzi wa mpira unaovutika ni rahisi kuvaa lakini huchakaa, na siku ukikatika shanga zote zinakimbilia chini ya makabati. Mimi hutumia uzi wa kitani uliopakwa nta, au nailoni iliyosokotwa ikiwa mbegu ni nzito, na hufunga fundo baina ya ushanga na ushanga. Fundo hilo lina kazi mbili: shanga hazisuguani na kulana, na uzi ukikatika inaanguka moja tu. Kabla ya kutunga, pitisha jino nene kidogo la keekee kwenye midomo ya kila tundu kwa kulizungusha kwa vidole, ili ukingo upoteze ukali wake. Dakika moja kwa ushanga inaonekana nyingi mpaka umerekebisha mkufu uliokatika mara ya tatu.

Kokwa (mwanzisha uzi)

Sina cha kupunguza. Naongeza kwamba nta ya kwenye uzi husaidia pia ndani ya tundu: ukiuvuta uzi wa nta uliopashwa moto kidogo kwenye tundu mara mbili tatu, unaacha ngozi nyembamba inayopunguza unyevu kuingia kupitia ule mlango tulioufungua. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo inahitaji uvuguvugu tu, na mwali wa moto ni wa hatari bure.

Na kwa wale wanaopaka mafuta ya kitani kwenye mti au kifuu, tafadhali msikunjakunje vitambaa vilivyolowa mafuta hayo na kuvitupa kwenye pipa. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na joto hilo likikusanyika katikati ya vitambaa vilivyorundikwa huwasha moto yenyewe. Vitandaze nje vikauke. Mafuta ya kupikia nayo yasitumike: mengi hayakauki sawasawa, hubaki yakinata na kuchacha, na harufu yake haiendani na pambo la shingoni.

Uzi wa Katani

Kuhusu ukindu na mwaa, kwa kuwa bangili zangu zote ni za kusuka. Mafundi wengi huloweka majani kwa saa nyingi na kuyasuka yakiwa yanachuruzika, kwa sababu hapo yanatii mkono. Jani lililoloa ni pana. Likikauka linasinyaa kwa upana, na msuko uliokuwa umebana unakuwa na matundu ya kupitisha kidole. Loweka, kisha funga kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka jani liwe laini bila kulowa, ndipo usuke. Hata hivyo sukuma msuko ukiwa umekauka nusu, uubane, kisha ndipo ufunge mwisho. Rangi nayo itiwe kabla ya kusuka, vinginevyo sehemu zilizofichwa kwenye msuko zitabaki nyeupe na zitajitokeza bangili ikilegea.

Gome

Je, maua yaliyogandishwa ndani ya rezini, ule utomvu wa viwandani unaomiminwa ukaganda kama kioo, yanahesabiwa kwenye kazi hii? Ya kwangu yamegeuka kahawia.

Kokwa (mwanzisha uzi)

Kwangu mimi rezini ndiyo pambo na ua ni picha iliyomo ndani yake, lakini hilo ni suala la ladha. Ukahawia unatokana na maji yaliyobaki kwenye ua, na mara nyingine na joto la rezini yenyewe inapoganda kwa wingi. Lizike ua kwenye silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu, mpaka likatike kama karatasi unapolikunja, mimina tabaka nyembamba nyembamba, na ufahamu kwamba nyekundu na zambarau nyingi za maua hupauka kwa mwanga hata ufanye nini. Vaa glavu, rezini ambayo haijaganda ikigusa ngozi mara kwa mara humletea mtu mzio ambao hautamwacha.

Nimekumbuka jingine kwa kutaja mzio. Mteja akilalamika kwamba hereni za mbegu zinamwasha masikio, tazama kwanza ndoano. Mara nyingi kinachowasha ni nikeli iliyomo kwenye chuma cha bei ndogo, na mbegu inasingiziwa. Ndoano ya titani au ya chuma cha pua cha upasuaji humaliza kesi nyingi.

Majani Makavu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ninazo komwe arobaini ambazo nilizitoboa mwezi uliopita bila kuzikausha kwa utaratibu wowote, na sasa kumi kati yake matundu yamekuwa membamba, uzi uliokuwa unapita haupiti tena. Nizitoboe upya?

Kokwa (mwanzisha uzi)

Usizitoboe sasa. Zimevuta unyevu na kiini kimevimba kuelekea kwenye tundu. Ukilipanua leo, litakuwa kubwa kupita kiasi zikikauka, na ushanga utacheza kwenye uzi. Zitenge hizo kumi, zipime uzito zikiwa pamoja, zitandaze kivulini penye upepo na uzipime tena kila baada ya siku mbili. Uzito ukitulia, jaribu uzi. Nyingi zitakuwa zimefunguka zenyewe, na zile chache zitakazokataa uzipitishie jino lile lile la mwanzo kwa mkono, bila mota. Kisha zote arobaini ziende kwenye friza, kwa sababu zimekaa wazi mwezi mzima. Andika uzito wa leo juu ya mfuko wenyewe, kwa kalamu isiyofutika. Mimi huandika kwenye karatasi ya pembeni na kila mara karatasi hiyo hupotea.